Pima Mbili

Daftari la kwanza linanuka shahamu.
Waliisindika kwenye tundu la chini la bildi
ili risasi ikigusa sakafu ya bahari
ipande na ushahidi: mchanga, kombe, changarawe.
Bila ushahidi, namba ni uvumi.

Hivyo ndivyo Idara ilivyoanza, hapa Valparaíso:
mashua mbili, makasia kumi na mawili,
na luteni aliyejua nyota kuliko alivyojua watu.
Wakashuka kusini, kwenye visiwa vya mvua.
Pima tano. Pima nne na nusu. Pima tisa.
Mtupaji akaita, karani akaandika,
na kila rasi yenye jina la Kihuilliche
ikabatizwa jina la binamu wa waziri.
Wenyeji waliendelea kuziita walivyoziita,
na mashua zao hazikugonga mwamba.

Mama yangu, Hortensia Oyarzo, aliingia Idarani akiwa mjane,
mwanamke pekee katika chumba cha wachonga shaba.
Alichonga kinyume: mashariki ikawa kushoto,
saba ikatazama ilikotoka.
Hata orodha ya sokoni aliiandika hivyo,
nami nikaisoma kwenye kioo cha kabati:
vitunguu, sabuni, mkaa.

Bahari ikibadilika, hakukuwa na kufuta.
Aligeuza bamba, akaligonga mgongoni kwa nyundo ndogo
mpaka shaba ikafura upande wa pili,
akaisugua, akachonga upya.
"Namba ya zamani haiondoki," alisema.
"Inasukumwa tu."

Jumapili moja ya Mei, mwaka wa sitini,
ardhi ya kusini ilitikisika kwa muda mrefu
hata kuku wakachoka kukimbia.
Bahari ikajivuta nyuma, ikaacha samaki uchi,
kisha ikarudi.
Watu waliposimama kuhesabiana, pwani nzima
ilikuwa imezama kimo cha mtu.
Kazi ya miaka themanini, uongo, kwa alasiri moja.

Idara ikarudi kupima.
Mtupaji wa bildi safari hiyo alikuwa Eleuterio Cárcamo,
mzaliwa wa ghuba ya Chauquil.
Hakuhitaji dira kufika kwao.
Alihitaji kuambiwa kwamba amefika.
Vilele vya mitofaa vilichomoza majini, vimeungua kwa chumvi.
Akatupa. Akaita, "Pima mbili!"
kwa sauti ile ile, ya kazi.
Akavuta kamba. Kwenye shahamu: udongo mweusi,
laini, uliolimwa,
na kipande cha ganda la kiazi.

"Sakafu ni nini?" karani akauliza.
Vifupisho vilivyoruhusiwa: mchanga, kombe, mwamba, tope.
"Shamba la dada yangu."
Karani akangoja. Mvua ya huko haingoji,
ilikuwa tayari inameza wino.
Akaandika: tope.

Daftari lilifika mezani kwa mama miezi minne baadaye.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko usio wa karani:
*viazi*.
Aliutazama muda mrefu kuliko alivyotazama namba.
Kisha akageuza bamba.
Nilikuwa na miaka tisa, nakula mkate chini ya meza yake,
na nilisikia Chauquil ikishuka,
pigo kwa pigo, vumbi la shaba likinidondokea kwenye siagi.

Meli zetu sasa hutuma sauti, si risasi,
na mwangwi hurudi na namba elfu kwa pumzi moja.
Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu
niliketi mbele ya skrini, kahawa imepoa,
nikakagua taarifa mpya ya Chauquil.
Ardhi inapanda tena. Kwa mwaka, upana wa ukucha.

Nilirekebisha kina. Siku hizi ni mita.
Kwenye kisanduku cha sakafu kompyuta ilinipa orodha,
nikashusha mshale mpaka mwisho wake:
shamba halimo.
Nikachagua tope.

Jioni nilishuka ghalani, nikatoa bamba lake,
sikutazama upande wa namba.
Nilipitisha kidole mgongoni,
gizani, polepole,
mpaka nikaingia kwenye kishimo cha nyundo.